Kuonyeshwa si kuulizwa



Tuongelee CentOS, mfumo endeshi huria uliokuwa ukiendesha serveri nyingi duniani. Ulianza 2004, ukijengwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2014 kampuni ya Red Hat ya Marekani ikauchukua mkononi, ikaajiri baadhi ya wajenzi wake.

CentOS 8 ilitoka 2019, ikaandikwa kwamba itatunzwa mpaka 2029. Watu wakahamishia kazi zao humo. Kumbe tarehe 8 Desemba 2020 wakaambiwa: mwisho ni 2021. Zaidi ya miaka saba ikaenda hivyo! Maandishi ya programu yalikuwa wazi, kila mutu aliweza kuyasoma. Lakini watumiaji walipata habari kisha uamuzi kukatwa.

Tusidanganyike: kuonyeshwa si kuulizwa. Kampuni inayosema iko pamoja na jamii inapashwa kutoa mipango yake mapema, kusikiliza, na kujibu mbele ya wote.

Watu hawakubaki kulia. Leseni iliwaruhusu kujenga upya, wakajenga. AlmaLinux ikatoka Machi 2021. Gregory Kurtzer, mmoja wa waanzilishi wa CentOS, akaita wengine, na Juni Rocky Linux ikafika.

Basi sisi tunaojifunza kompyuta, mbele ya kuweka kazi zetu juu ya mfumo wowote, tuulize mambo mawili: leseni inaturuhusu nini? Na nani anakata uamuzi? Kama hatuko ndani, tuombe kuingia. Wakikataa, tujenge yetu.