Kiti Kinachomjua Mgeni



Kila pigo la moyo huanza kwa umeme mdogo mno, uenezao mwilini hadi kwenye ngozi. Daktari Willem Einthoven wa Uholanzi aliupima mwanzoni mwa karne ya 20, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Yeye alikusudia tiba. Mwaka 2001 wataalamu wa Sweden walionyesha, kwa watu 20, kwamba mchoro wa umeme huo waweza kumpambanua mtu na mwenziwe, mfano wa alama ya kidole. Tangu hapo watafiti wamevijaribu vipimo hivyo katika usukani wa gari, kitandani, na kwenye kiti, hata kupitia nguo. Wewe waketi tu, chombo chakutambua.

Sisemi kuwa ni haramu. Mzee mgonjwa akiridhia godoro lake limwangalie usiku, huo ni msaada. Lakini mgeni je? Surat Nnur, aya ya 27, yatuamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Nasi hupiga hodi mara tatu, tusipojibiwa, twarudi. Basi kiti kisichopiga hodi chaingiaje kifuani mwa mtu? Na mchoro ule hautaji jina peke yake: waweza kufichua maradhi ambayo pengine hata mkewe hajaambiwa. Ufunguo ukiibwa, kitasa hubadilishwa. Moyo je, atakubadilishia nani?

Kwa hiyo mwenye nyumba aliye na chombo hicho na amwambie mgeni kabla hajaketi. Na mgeni akikataa, amtandikie mkeka.