Gharama ya Gari la Mtumba Huanza Siku ya Kulinunua

Mada kwa wakazi wa Kata ya Masumbwe kuhusu hitilafu za kawaida za magari madogo ya juu na gharama za kuyatengeneza



Masumbwe ni mji wa njiani. Barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo, na kuendelea hadi Lusahunga na mpaka wa Rusumo, hupita hapa. Kutoka kwenye lami hiyo hutawanyika njia za vumbi ziendazo mashambani, minadani na kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Ndiyo maana magari madogo ya juu, kama vile RAV4, X-Trail, Escudo na Forester, yamependwa sana. Tumbo la gari limeinuka, familia inaenea ndani, na matope ya mbugani hayalizuii kwa urahisi.

Gari la namna hiyo si la mwenyewe peke yake. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, jirani mwenye gari ndiye hugongewa mlango. Gari lisilowaka usiku huo, au lenye breki zisizoshika, ni hasara ya mtaa mzima. Kwa sababu hiyo, afya ya magari haya ni jambo linalostahili kuzungumzwa mbele ya wananchi.

Mara nyingi fedha ya kununulia hutokana na mauzo ya mpunga, pamba au ng'ombe, au na bahati ya msimu mmoja machimboni. Mnunuzi huitoa yote kwa siku moja, akabaki na funguo mkononi na mfuko mtupu. Miezi michache baadaye gari limepandishwa juu ya mawe chini ya mwembe, likisubiri kipuri. Kosa halikuwa kununua mtumba. Kosa lilikuwa kudhani kwamba bei ya kununua ndiyo gharama ya gari.

Bei kubwa si ushahidi wa uzima

Mengi ya magari haya hutoka Japani. Huko, gari jipya la abiria hukaguliwa kwa mujibu wa sheria baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Kadiri gari linavyozeeka ndivyo ukaguzi na matengenezo yanavyomgharimu mwenyewe, na wengi huona heri kuliuza. Likifika Tanzania hutozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa huongezewa ushuru kwa ajili ya uchakavu wake.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya fedha anayotoa mnunuzi imelipia meli na kodi, wala haikulipia uzima wa injini. Gari linaweza kuwa ghali na bovu kwa wakati mmoja. Tena, namba ya kilomita inayosomeka kwenye dashibodi inaweza kurudishwa nyuma, hivyo haifai kuaminiwa pekee.

Ngazi tatu za gharama

Matengenezo ya gari yana ngazi tatu. Yapo ya makumi elfu: oili, filta, maji maalumu ya rejeta, mfuniko wa rejeta, bushi, mpira wa kufunika jointi. Yapo ya malaki: shokapu, beringi, rejeta mpya, feni yake, alternata, koili za plagi, pampu ya maji. Yapo na ya mamilioni: injini na giaboksi. Jambo kubwa la kushikwa katika mada hii ni kwamba hitilafu nyingi za mamilioni hazizaliwi kubwa. Hupanda ngazi, kuanzia makumi elfu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mfano wa kwanza ni joto la injini. Rejeta inayovuja kidogo hujazwa maji ya kisimani kila asubuhi. Maji hayo huleta kutu na magamba, njia za rejeta huziba, na joto hupanda. Baadhi ya mafundi huondoa kabisa thamostati ili injini isichemke. Dawa hiyo huficha ugonjwa, na injini inayokosa joto lake la kawaida hula mafuta zaidi. Siku gari linapochemka kweli, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Katika RAV4 za miaka ya mwanzo ya 2000 hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa boliti za silinda hedi zimeshikwa na nyuzi za aluminiamu ndani ya bloku, na nyuzi hizo hujulikana kwa kung'oka. Hapo kubadili gasketi peke yake hakutoshi: bloku lazima itobolewe na kutiwa nyuzi mpya, au injini nzima ibadilishwe. Mshale wa joto ukipanda, dereva asimame, azime injini, wala asifungue mfuniko wa rejeta kabla haijapoa. "Nitafika tu hapo mbele" ndilo neno lililoua injini nyingi.

Mfano wa pili ni giaboksi. X-Trail ya kizazi cha kwanza, iliyotoka mwaka 2000, ina giaboksi otomatiki ya kawaida. Ile ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2007, nyingi zake zina giaboksi ya mkanda wa chuma isiyo na hatua za gia, ijulikanayo kama CVT. Giaboksi hiyo hutaka oili yake maalumu. Ikitiwa oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza na chuma husagika. Dalili za mwanzo ni gari kukosa nguvu kwenye mwinuko au safari ndefu, mngurumo unaopanda bila mwendo kuongezeka, na mtikisiko wakati wa kuondoka. Kubadili oili sahihi mapema ni kazi ya malaki. Kubadili giaboksi ni kazi ya mamilioni.

Mfano wa tatu ni mafuta. RAV4 nyingi za kizazi cha pili zilizouzwa Japani zina injini iitwayo D-4, ambayo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Pampu na nozeli zake hazivumilii uchafu. Petroli ya chupa iuzwayo kando ya njia za machimboni, ambayo huenda imechanganyika na maji, mafuta ya taa au vumbi, ni sumu kwa injini hiyo. Ni afadhali dereva ajaze kituoni kabla ya kuacha lami.

Forester za miaka hiyo zina jambo lake. Nyingi hutumia mkanda wa taimingi wa mpira, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Ukikatika injini ikizunguka, valvu hugongana na pistoni na kupinda. Kwa kuwa kilomita za kweli hazijulikani, busara ni kuubadili mara tu baada ya kununua.

Vumbi na mashimo

Barabara zetu za changarawe zina kodi yake. Wakati wa kiangazi vumbi huziba filta ya hewa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Filta iliyotoboka hupitisha vumbi linalosaga silinda, na injini huanza kula oili. Filta ni ya makumi elfu, injini ni ya mamilioni.

Chini ya gari, mpira unaofunika jointi ya ekseli ya mbele ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia. Baada ya wiki kadhaa, jointi hulia tak-tak-tak gari linapokata kona. Mpira ungebadilishwa mapema, jointi ingepona. Hali kadhalika bushi na linki za stabilaiza: hugonga kidogo kwanza, zikiachwa huharibu mpangilio wa magurudumu na kula tairi mpya kwa upande mmoja.

Kwa magari yanayovuta kwa magurudumu yote, tairi zote 4 ziwe za kipimo kimoja na uchakavu unaokaribiana. Tairi moja kubwa kuliko nyingine hufanya mfumo wa kugawa nguvu ufanye kazi wakati wote, upate joto na ufe.

Kabla fedha haijatoka mfukoni

Mnunuzi afuate gari asubuhi, injini ikiwa baridi, na aende na fundi asiyelipwa na dalali. Moshi wa bluu ni dalili ya oili kuungua. Moshi mweupe usiokoma huashiria maji kuingia ndani ya silinda. Mfuniko wa oili ukifunguliwa ukakutwa na utando kama maziwa, ni ishara ya oili kuchanganyika na maji.

Taa ya injini kwenye dashibodi nayo ni shahidi. Swichi ikifunguliwa kabla ya kuwasha, taa hiyo lazima iwake. Injini ikiwaka, izime. Isipowaka kabisa mwanzoni, huenda kuna mtu aliyeizima ili kuficha ugonjwa. Kisha gari lipimwe kwa mashine ya kusoma hitilafu na kuendeshwa si chini ya nusu saa, kwenye lami na kwenye vumbi. Mwisho, namba ya injini na ya chesisi zilinganishwe na kadi, na umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa.

Kuhusu fedha, hesabu ni nyepesi. Mwenye shilingi milioni 12 asitafute gari la milioni 12. Atafute la milioni 10, na milioni 2 zibaki kwa ajili ya gari lenyewe. Fedha hiyo ibadilishe kwanza oili zote, filta, maji ya rejeta, breki zilizokwisha na mikanda, kisha kinachobaki kiwekwe akiba. Oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 5,000, na kijiti chake kitazamwe kila wiki.

Gereji nayo ina haki na wajibu. Fundi aandike makadirio kabla ya kufungua gari, na mwenye gari adai kipuri cha zamani pamoja na risiti. Kipuri cha bei ya chini kupita kiasi hulipiwa mara mbili: kwanza dukani, kisha barabarani.

Kazi kwa vijana wa kata

Hitilafu za umeme na sensa huligharimu gari safari ya Kahama kwa sababu tu mashine ya kupimia haipo karibu. Hapa ipo nafasi. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi vijana kilichosajiliwa kinaweza kuomba mkopo huo kwa ajili ya mashine na vifaa, kwa kuanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Vijana wakipata vifaa na mafunzo, gharama ya matengenezo itapungua kwa kila mwenye gari, na fedha itazunguka hapa hapa Masumbwe.

Gari la mtumba si aibu wala si laana. Linalotunzwa huhudumu miaka mingi, na usiku jirani akibisha hodi, huwaka.