Daftari Liko kwa Nani? Msanii Anayejitegemea na Soko la Muziki



Ipo hoja inayorudiwa katika kila kongamano la sanaa, nami leo nataka kuikabili: kwamba intaneti imemwondoa dalali. Zamani, tunaambiwa, mwanamuziki wa Dar es Salaam alimpigia magoti msambazaji wa kanda wa Kariakoo; sasa kijana wa Mburahati anapakia wimbo usiku na kukicha unasikika Oslo.

Kwanza, kijana huyo hapeleki wimbo Spotify kwa mkono wake. Lazima upite kwa kampuni ya usambazaji, kama DistroKid au TuneCore. DistroKid hutoza ada ya mwaka, na ada ikikoma nyimbo zinaweza kuondolewa sokoni. Kama huyo si dalali, ni nani? Pili, wimbo hauna bei. Kwenye Spotify mapato ya mwezi hutiwa mfuko wa pamoja, kisha hugawanywa kwa kadiri kila wimbo ulivyosikilizwa miongoni mwa nyimbo zote. Mtu wa Tandale, Dar es Salaam, akisikiliza singeli, muziki wa kasi wa vijana wa jiji hilo, mwezi mzima, ada yake haiwafuati waimbaji wa singeli peke yao. Sehemu kubwa inakwenda kwa wanaosikilizwa zaidi, hata kama hajapata kuwasikia. Tatu, tangu 2024 rekodi isiyosikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 hailipwi na Spotify. Fedha yake haipotei: inabaki mfukoni, wanagawiwa waliovuka. Msambazaji wa Kariakoo alikuwa na ukali wake, lakini sijapata kusikia kwamba alichukua mauzo ya bendi ndogo akawapa bendi kubwa, tena kwa kanuni iliyotangazwa hadharani.

Mtanikumbusha kwamba enzi za kanda zilikuwa chungu. Ndiyo. Mjomba wangu alipiga besi katika bendi moja ya mjini hapa. Waliuza albamu kwa malipo ya mara moja, na kwa miaka mingi akapanda daladala, akalipa nauli, huku besi yake inaunguruma kwenye spika za gari. Hakuonyeshwa hata mara moja idadi ya kanda zilizouzwa. Leo angepata taarifa ya kila wimbo, nchi kwa nchi, na hilo ni jema kweli. Ila taarifa hiyo ingempa idadi ya wasikilizaji, isimpe msikilizaji hata mmoja.

Hapo ndipo ninapokigeukia kitabu ninachokifundisha kila mwaka, Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Wengi hukisoma kama sifa za mwimbaji huyo wa taarab wa Unguja. Mimi nakisoma kama kitabu cha biashara ya sauti, na katika Kiswahili sijaona kinachokishinda. Shaaban Robert hakuuruka ufukara ili awahi utukufu. Tunamwona kwanza binti wa Fumba akitembeza vyungu vya mama yake, sauti ikitangulia bidhaa. Mtembeza vyungu anaujua mlango unaonunua na mlango unaokopa, na bei anaitaja yeye. Mwaka 1928 Siti akavuka bahari hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, na santuri zake zikapigwa kwenye mikahawa ya pwani. Sauti ikafika mbali kuliko miguu yake. Lakini tangu hapo aliyemjua mnunuzi alikuwa mwenye duka la santuri.

Msimamo wangu ni huu: anayejitegemea ni msanii mwenye daftari la wanunuzi wake. Wenzangu wananijibu kwa mfano wa Bandcamp, inayochukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali na kumkutanisha muuzaji na mnunuzi. Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli uliotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, umeuzwa huko. Wanasema, hata hivyo, kwamba wanunuzi wa huko wengi ni wa ng'ambo, wenye kadi za benki, na kwamba wanunuzi mia mbili wa Tandale, hata wakiwa wote daftarini, hawalishi familia. Nakubali, hawalishi. Lakini malipo ya M-Pesa humfikia anayelipwa yakiwa na jina na namba. Msanii anayeuza albamu kwa njia hiyo anajua nani wa kumwita kwenye onyesho, na nani alinunua albamu ya kwanza akaiacha ya pili. Spotify haimpi hilo.

Kutunza daftari la namna hiyo kunafundishika. Kwa hiyo nimeiomba idara yangu kozi ya mikataba na hesabu ifundishwe mwaka wa kwanza, kabla ya nadharia ya muziki. Ombi limekataliwa. Mwezi ujao nalipeleka tena.