Kabla ya Kuchimba Kisima

Hotuba iliyotolewa kwenye sherehe ya Uhuru ya umoja wetu, Birmingham



Sisi wauguzi wa umoja huu tumepewa dakika chache, na tumekubaliana kuzitumia kwa jambo moja: kile kisima cha Arumeru tunachokichangia. Hatuji kumvunja mtu moyo. Tunaomba maji ya hapo yapimwe kabla fedha hazijatoka.

Mliotoka Arusha na Meru mnajua tunakoelekea. Wengi wetu tunaye dada au shangazi ambaye akicheka huziba mdomo kwa khanga. Meno yake ni ya kahawia, mengine yamemeguka, na si kwamba hapigi mswaki. Ni maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru na Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na maji yakipita humo huibeba. Haionekani wala hainuki. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakawa nayo.

Watoto mtauliza, mbona neno hilo limeandikwa kwenye dawa ya meno? Swali zuri. Hapa Birmingham floraidi inaongezwa hata kwenye maji ya bomba, tangu 1964, kiasi cha miligramu 1 kwa lita, ili meno yasitoboke. Kidogo hulinda. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 1.5, na Arumeru kuna visima na mito inayopita kiwango hicho mara kadhaa. Anayeumia zaidi ni mtoto, kwa sababu meno ya ukubwani huumbika ndani ya fizi tangu uchanga hadi kama miaka 8. Yakiota yameharibika, ndiyo hayo hayo maisha yote. Na ikiwa nyingi sana, kwa miaka mingi, huingia mifupani: viungo hukakamaa, mgongo haukunjuki, miguu ya watoto hupinda.

Sasa, sisi sote tumelelewa tukiambiwa chemsha maji. Endeleeni kuwaambia hivyo walio nyumbani, maana kuchemsha huua vijidudu. Lakini floraidi haitoki na mvuke. Inabaki sufuriani, na maji yakipungua yenyewe inazidi kukolea. Vidonge vya klorini navyo haviigusi. Na magadi yale ya kulainishia maharage na makande yanaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko maji yenyewe. (Tunajua tumegusa chakula cha watu. Mtusamehe.)

Waliotutangulia hatuwalaumu. Mwaka 1971 serikali ilipanga kila mwananchi wa kijijini apate maji karibu na nyumba yake ndani ya miaka 20. Kwa muda mrefu nchi yetu iliruhusu floraidi zaidi ya miligramu 1.5, kwa kuwa vijiji vingine visingekuwa na maji kabisa. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 1.5. Maji machafu ya mto humwua mtoto kwa kuhara wiki hii hii. Ya floraidi humharibu polepole. Mama mwenye ndoo huchagua lililo mbele yake.

Majirani zetu Wabangladeshi wa hapa mjini wanaijua hadithi hii kwa jina jingine. Kwao, kuanzia miaka ya 1970, visima vya pampu vilichimbwa kwa mamilioni ili watu waache maji ya madimbwi. Kuhara kukapungua. Baadaye, katika miaka ya 1990, ikajulikana kuwa vingi vina aseniki, sumu inayotoka ardhini na kuleta madoa ya ngozi na saratani. Pampu zikapakwa rangi, nyekundu kwa maji mabaya, kijani kwa mazuri. Kupima kulikuja baada ya kuchimba.

Kipimo kikitoka kibaya, tufanye nini? Karibu na Arusha, kituo cha Ngurdoto kimefanyia utafiti kichujio cha mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kinafanya kazi. Ila mkaa huchoka. Lazima awepo mtu wa kuubadilisha na fedha za kuununua, na michango yetu mnaijua ilivyo.

Sisi tunaona mvua ni njia nyepesi zaidi. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 5, ikinyesha milimita 150, inaangusha lita 6,000. Familia ya watu sita wakitumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupika tu, simtanki la lita 5,000 linawafikisha zaidi ya miezi mitano. Kufua na kuoga watumie kisima. Maji ya tangi nayo yafunikwe, na ya kunywa yachemshwe.

Kamati inakutana Januari. Tunaomba kabla ya hapo barua iende kwenye maabara ya maji ya mkoa, sampuli zichukuliwe kwenye visima vilivyo jirani na kiwanja chetu, na majibu yasomwe hapa mbele ya wote, hata kama mchimbaji ameshaanza kutupigia simu.

Pilau limeiva.