Wageni Wanavyogeuka Kuwa Majirani

Jioni hii nataka kunena juu ya neno moja tu, nalo ni ujirani. Nitaeleza jinsi jamaa za wamisionari zilizokuja katika milima ya Upare na Kilimanjaro zilivyojaribu kujenga ujirani kati ya watu wasiokuwa na mali. Kisha nitauliza kama mafunzo hayo yaweza kuwafaa watu wa Nyumba ya Mungu, ambao wengi wao ni wageni wao kwa wao.

Kwanza na tupajue mahali penyewe. Nyumba ya Mungu ni bwawa kubwa katika nchi tambarare, upande wa magharibi wa milima ya Upare. Mto Kikuletwa, utokao pande za Meru na Kilimanjaro, hukutana hapo na mto Ruvu utokao katika Ziwa Jipe. Na maji yao yakishatoka pamoja huitwa mto Pangani. Katika mwaka wa 1965 ukuta wa kuyazuia maji ulikamilika, ili mto utawaliwe na umeme upatikane. Hapo kwanza nchi ile ilikuwa nyika kavu, yenye miiba na malisho ya mifugo. Maji yalipojaa, perege walizaliana kwa wingi mno. Wavuvi wakaja kutoka pande nyingi, na nyuma yao wakaja wachuuzi, wabanikaji wa samaki na wapishi wa chakula cha kuuza. Vijiji vikasimama mahali ambapo zamani hapakuonekana moshi wa jiko. Karibu na mwaka wa 1970 samaki walipatikana kuliko wakati wowote. Baadaye wakapungua, lakini watu wakabaki.

Basi angalieni tofauti. Mtu wa Usangi au wa Mbaga huzaliwa akimkuta jirani yake. Babu zao wamezikwa kilima kimoja, na mfereji unyweshao shamba la huyu hupita kwanza katika shamba la yule. Hata wakigombana, maji huwalazimisha kupatana. Lakini ufukoni mwa bwawa mmoja ametoka Upare, wa pili Ziwa Nyasa, wa tatu Ziwa Viktoria, wa nne hapendi kusema alikotoka. Wanashirikiana maji na soko, nao wanajuana kwa majina ya utani. Lakini je, mmoja akishikwa na homa usiku wa manane, nani atamchukua mpaka kwa mganga? Serikali ikilifunga ziwa kwa muda ili samaki wakue, kama ilivyopata kufanya, nani atamkopesha mwenziwe kibaba cha unga? Na mgeni akifa, nani atashika jembe la kaburi? Umaskini wa mahali kama hapo si upungufu wa fedha peke yake. Ni kukosa mlango wa kubisha hodi.

Sasa twende kwa wamisionari. Mwaka wa 1893 watu wa misioni ya Leipzig walifika Kilimanjaro, na mwaka wa 1900 wakafungua kituo Shigatini, katika Usangi. Mwaka wa 1903 Waadventista wa Sabato wakaanza kazi Giti, katika Upare wa Kusini. Wote hao walikuwa Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Walikuwa wageni kwa lugha, kwa chakula na kwa rangi. Tena tusifiche jambo: walikuja wakati nchi yao ilipokuwa ikitutawala kwa nguvu, kwa hiyo mtu aliyemwona mmisionari aliona na bunduki nyuma yake, hata kama mwenyewe hakuishika. Kwa nini basi watu waliwakaribia?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la kwanza la wamisionari lilikuwa lugha. Ernst Kotz, aliyefanya kazi Suji, alichunguza Chasu, yaani Kipare, akaandika kitabu cha sarufi yake kilichopigwa chapa mwaka wa 1909. Na Agano Jipya katika Chasu likatoka mwaka wa 1922. Jakob Dannholz wa Mbaga naye aliandika mambo ya mila na imani za Wapare. Ni kweli kwamba waliyoyaandika yana makosa, na mahali pengine yana majivuno ya watu wa zamani zile. Lakini fikirini kazi yenyewe. Mtu hawezi kuandika sarufi ya lugha pasipo kukaa miaka na wazee na kuuliza: hili mwaliitaje? Na lile? Amekosea, wakamcheka, akarudia. Mtu anayemwuliza mwenziwe namna hiyo amekwisha kubali kuwa mwanafunzi wake, na mlango wa ujirani hufunguka hapo.

Jembe la pili lilikuwa nyumba yenyewe. Mmisionari hakuwa kama karani wa serikali, apitaye kuhesabu vichwa na kwenda zake. Alijenga, akapanda miti, akakaa. Nyumbani kwake watu walipeleka vidonda vya kuosha, barua za kusomewa na watoto wa kufundishwa. Yafaa tuwakumbuke na wake za wamisionari, ambao majina yao hayakuandikwa sana vitabuni, ingawa kazi nyingi ya mlangoni ilikuwa yao. Mahubiri ni ya siku moja katika juma, lakini hodi hupigwa kila siku.

Jembe la tatu ndilo kubwa, na ili kulieleza sina budi kuvuka kwenda Kilimanjaro. Katika mwaka wa 1902 alifika huko kijana aitwaye Bruno Gutmann. Yeye na mke wake waliishi miaka mingi Old Moshi, hata mwaka wa 1938 alipoondoka kabisa. Alijifunza Kichaga kwa bidii, akaandika vitabu vikubwa juu ya sheria na mafundisho ya Wachaga. Kadiri alivyosikiliza, ndivyo alivyozidi kuona kwamba watu hawa hawakungoja misioni ili wawe jamii. Walikuwa na vifungo vitatu vilivyowashika: ukoo, ujirani na rika. Ukoo ni damu. Ujirani ni ardhi na mfereji wanaoutumia pamoja. Rika ni wale waliokua na kufundwa pamoja.

Wamisionari wengi wa siku zile walitaka kumtoa Mkristo katika vifungo vyake, wamkalishe peke yake karibu na kanisa. Gutmann aliona kwamba kufanya hivyo ni kung'oa mgomba ili kuunywesha maji. Vijana waliofundishwa kwa ajili ya ubatizo aliwafungamanisha katika vikundi vidogo, kwa mfano wa desturi ya rika, kila mmoja awe mlinzi wa mwenziwe. Kanisa akalijenga juu ya mitaa na wazee wake, si juu ya mtu mmoja mmoja.

Hata hivyo Gutmann alikuwa na upofu wake. Aliogopa fedha, miji na kazi ya mshahara, akidhani kwamba vitu hivyo vitavunja kila kifungo. Wachaga hawakumngoja. Mwaka wa 1925 wakulima Waafrika wa kahawa walianzisha chama chao, na rais wake alikuwa Joseph Merinyo, mtu wa Old Moshi hiyo hiyo. Fedha iliingia, lakini watu walitumia mazoea yao ya kukusanyika ili kuitawala. Nasi twajifunza kwamba ujirani si kitu cha kuwekwa kabatini kisiguswe na jua. Hubadili nguo yake na kuendelea kuishi.

Sasa na tutazame lawama nyingine, kwa maana mwalimu asemaye sifa tupu hafundishi. Misioni iliwaunganisha watu, lakini iliwagawa vilevile. Palikuwa na watu wa misioni na watu wa nje. Kisha katika milima yetu wako washikao Jumamosi, wako washikao Jumapili, na wako ndugu zetu Waislamu waendao msikitini Ijumaa. Katika ukoo mmoja mwaweza kuwamo wote watatu. Kama kila mmoja akisema, siku yangu ndiyo siku ya kijiji, mfereji utazibuliwa lini?

Jibu la Wapare lilikuwapo kabla ya misioni, nalo huitwa msaragambo. Pembe hulia, na kila nyumba hutoa mtu kwa kazi ya wote: njia, mfereji au ndiva. Kwa wasioijua, ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Hukusanya maji ya mto usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani kwa zamu. Maji ya ndiva hayaulizi mtu anasali wapi. Shule nyingi na barabara nyingi za milimani zimejengwa kwa msaragambo, na jamaa ya misioni yenye akili ilipeleka mikono yake huko badala ya kuita watu waje kwake tu. Tena watu waliozoea kuitika pembe moja wana nguvu hata mbele ya wakubwa. Mwaka wa 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kuikataa kodi iliyoitwa mbiru, na mwishowe kodi hiyo iliondolewa. Hawakuulizana madhehebu njiani.

Ipo na mizani ya kupima kazi ya misioni, nayo si mimi niliyeitunga, vita viliitunga. Katika Vita Kuu ya kwanza, iliyoanza mwaka wa 1914, Waingereza waliiteka nchi, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Gutmann mwenyewe alipelekwa kwao mwaka wa 1920, asirudi hata 1925. Je, makusanyiko yalikufa? Hayakufa. Walimu na wazee Waafrika waliyalea, wakifundisha watoto, wakizika wafu na kuamua magomvi. Hapo ndipo ilipojulikana nini kilichojengwa kweli. Kama jamaa ya misioni ilikuwa nguzo, paa lingeanguka nguzo ilipong'olewa. Mahali ilipokuwa mbegu, mti ulisimama.

Sasa turudi Nyumba ya Mungu. Mtu ataniambia: Mwalimu, mambo ya Gutmann yalikuwa ya watu wenye migomba, ukoo na makaburi ya mababu. Mvuvi hana ardhi. Leo yuko hapa, kesho amefuata samaki kwingine. Neno hilo ni la haki, na halifai kujibiwa kwa haraka. Lakini fundisho la Gutmann halikuwa migomba. Lilikuwa hili: usilete kifungo kipya kabla ya kutafuta kile kilichopo. Je, ufukoni hakipo? Watu wanaopanda mtumbwi mmoja usiku wamekwisha kuwekeana maisha yao mikononi. Hao ni rika. Wanawake wanaobanika samaki katika kichanja kimoja, wakiangaliana moto na watoto, hao ni majirani. Wavutao wavu mmoja na kugawana mapato wamekwisha kujifunza haki, au wamekwisha kuiona ikivunjwa. Anayetaka kujenga jamii aanzie hapo.

Kwa hiyo ikiwa jamaa ya mwinjilisti au ya mwalimu, iwe ya Usangi, ya Moshi au ya ng'ambo, itaamua kwenda kuishi kati ya watu wa ufukoni, nina maneno machache kwao. Kwanza, wakae; wasiwe watu wa kuja kwa gari na kurudi mlimani jioni. Watoto wao na wasome shule ile ile, na maji yao na yatoke pale pale wanapochota wengine. Pili, wajifunze kabla ya kufundisha: majina ya pepo, ya nyavu, na ya deni, maana mvuvi anayedaiwa na mchuuzi haongozwi na shauri jema tu. Tatu, wapige pembe kwa kazi isiyo na dini: choo, kisima, kibanda cha wagonjwa, jembe la kaburi. Watu na wachague siku isiyo Ijumaa, Jumamosi wala Jumapili. Siku nne zimebaki, nazo zatosha kwa kisima. Nne, tangu siku ya kwanza wampe mwenyeji ufunguo na daftari ya fedha, ili siku watakapoondoka, kitu kisiondoke nao.

Na kwa ninyi wenyeji wa ufukoni, neno langu ni moja. Msingoje mtu wa misioni, wala wa serikali, awaambie kwamba ninyi ni jamii. Mshiriki wako wa mtumbwi akikosa kuonekana asubuhi, nenda ukabishe hodi. Ukimkuta mzima, hukupoteza kitu. Ukimkuta mgonjwa, umekwisha kuanza kijiji.

Wanafunzi, kesho mwulizeni mwalimu wenu awasaidie kuandika majina ya kazi zote ambazo kijiji chenu hufanya pamoja. Kama orodha ni fupi, ongezeni moja, na mwe wa kwanza kushika jembe.