Nani Hayupo? Mafundisho ya Uwanja wa Mpira kwa Mashirika Yetu



Katika Yubile hii tumeombwa tuseme maneno machache juu ya kazi ya umoja katika mashirika yetu ya msingi. Msishangae tukianzia uwanjani. Ekipe kubwa ya mji wetu wa Lubumbashi ilizaliwa karibu na altare. Mwaka 1939 Wabenedikto walioongoza Institut Saint-Boniface waliiunda kwa ajili ya wanafunzi wasiokusudia upadri, wakaiita Saint-Georges. Mwaka 1944 ikapata jina la Saint-Paul. Baadaye mapadri wakaacha uongozi wake, ikaitwa Englebert, na leo ni Tout Puissant Mazembe.

Wazee walitusimulia namna ilivyoshika kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Mwaka 1969 na 1970 ikafika tena kwenye mchezo wa mwisho, ikashindwa. Kombe lile halikurudi hapa mpaka mwaka 2009. Miaka 41! Wachezaji walizeeka, wengine wakafa. Ekipe haikufa, kwa maana kila nafasi iliyobaki wazi ilipata mtu wa kuishika.

Na mashirika yetu je? Mwaka 1961 maaskofu wa Congo walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo zenye uhai. Uhai huo uko wapi? Hapa sisi viongozi tunapaswa kuungama jambo moja mbele yenu.

Masika moja, mama mjane wa shirika letu alilala mgonjwa muda wa juma tatu. Juma zote tatu tulikutana, tukasoma Injili, tukaimba vizuri, tukakusanya matoleo, tukarudi nyumbani. Kiti chake kilikuwa kitupu, wala hakuna aliyeuliza sababu. Lakini mwana wake alicheza upande wa kushoto katika ekipe ya vijana wa avenue yetu. Alipokosa mazoezi mara mbili, kapiteni akaenda kwao pamoja na wenzake wanne. Wakamkuta mama katika hali mbaya. Wakamkalisha juu ya kinga, wakaisukuma mpaka hospitali, na feza waliyokuwa wameiweka kwa kununua mpira mpya wakanunua dawa. Na kapiteni yule hakuwa Mkatoliki. Ni mtoto wa Wametodisti.

Mama alipona. Tulipokwenda kumwona, tumechelewa na tumejaa haya, hakutulaumu. Alisema tu: «Watoto waliniona.»

Ndugu wapenzi, neno hilo lilituchoma. Sababu gani watoto waliona, na sisi tuliosali naye hatukuona? Tulifikiri sana, tukapata jibu. Katika ekipe kila mtu ana kazi yake. Mmoja akikosa, mpira unakwenda upande wake na haumkuti mtu, na wote wanajua. Katika shirika letu watu wawili walifanya yote, wengine walisikiliza. Asiye na kazi, hata akikosa, pengo lake halionekani. Mtume Paulo aliufananisha umoja wetu na mwili wenye viungo vingi. Sisi tulikuwa kinywa na masikio tu, bila mikono wala miguu.

Tangu siku ile tulibadili mambo mawili. Kwanza, kila mkristu wa shirika alipewa kazi: huyu kutazama wagonjwa, huyu kutunza feza ya kusaidiana, huyu kupatanisha wenye ugomvi, huyu kutuwakilisha katika kamati ya wazazi shuleni, vijana kusafisha mifereji pamoja na majirani wa dini zote. Zamani za Zaire wazee walishurutishwa kwenda salongo. Kazi hii haina wa kushurutisha, inataka mapendo. Pili, kabla ya kufungua Injili tunauliza: «Nani hayupo?» Kisha wawili wanatumwa kwake kabla jua halijatua.

Wababa, msiwaachie wamama peke yao shirika. Vijana, mliotufundisha, msibaki uwanjani tu. Njoni mshike nafasi zenu kwetu. Nanyi Mapadri wetu, mkitutembelea, msituulize kwanza tuko wangapi. Mtuulize nani hayupo, na nani amekwenda kumwona.

Bwana aliyemtafuta kondoo mmoja atujalie macho yake. Amina.