Brexit na Mfuko wa Mfanyakazi: Maswali ya Kumwuliza Bwana wa Kazi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Theta, Ruiru na Thika)



Tumekutana hapa Theta, wachumaji wa kahawa, wakataji wa maua na wenzetu wa mananasi kutoka Thika, ili tuzungumze neno ambalo wengi wetu tumelisikia katika vinywa vya wakubwa wa kazi tu. Neno hilo ni Brexit, yaani kujitoa kwa Uingereza katika Umoja wa Ulaya. Tangu lilipotufikia limekuwa jibu la kila shauri. Tukiomba nyongeza, twaambiwa Brexit. Vibarua wakipunguziwa siku, twaambiwa Brexit. Sisi twasema hivi: si kweli kila mara, wala si uwongo kila mara. Kazi yetu ni kujua lini ni kweli na lini ni uwongo.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokwenda. Waingereza walipiga kura tarehe 23 Juni 2016. Walitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, lakini sheria za biashara za zamani ziliendelea mpaka tarehe 31 Desemba 2020. Mpaka siku hiyo bidhaa zetu ziliingia Uingereza kwa sheria za Ulaya, bila ushuru. Baada ya hapo Uingereza ikawa na sheria zake yenyewe. Jirani zetu Uganda, Tanzania na Rwanda wamo katika hesabu ya nchi maskini zaidi, ambazo husamehewa ushuru. Kenya haimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo Serikali yetu ilibidi itafute mapatano yake. Yalitiwa sahihi London tarehe 8 Desemba 2020, yakaanza kutumika tarehe 22 Machi 2021.

Hasara ya kukosa mapatano twaijua. Tarehe 1 Oktoba 2014 mapatano yetu na Ulaya yalikuwa hayajakamilika, na maua ya Kenya na bidhaa nyingine zikaanza kutozwa ushuru kule. Msamaha ulirudi tarehe 25 Desemba mwaka ule ule. Hiyo ilikuwa karibu miezi mitatu.

Sasa mapatano haya ya Uingereza yasemaje? Yasema kwamba maua, maharagwe mabichi na mananasi ya mikebe kutoka Kenya yaingie bila ushuru. Bila mapatano, ushuru wa maua ulikuwa shilingi 8 katika kila shilingi 100. Lakini ninyi wa kahawa sikilizeni vizuri: kahawa mbichi haitozwi ushuru Uingereza hata bila mapatano. Basi mnyapara akimwambia mchumaji wa Theta kwamba malipo ya debe yamepungua kwa ajili ya ushuru wa Brexit, na amwonyeshe ushuru huo umeandikwa wapi.

Tena mapatano hayana upande mmoja. Kenya nayo iliahidi kufungua soko lake kwa bidhaa nyingi za Uingereza, polepole, kwa muda wa miaka 25. Wenzetu wa viwanda vya Thika wasilale. Yafaa wajue ni bidhaa gani zitaingia na katika mwaka gani, kabla hazijafika dukani.

Tuje kwenye jambo tulilojifunza kwa uchungu. Katika mwaka 2021, baada ya mapatano kuanza, bwana mmoja wa maua alituita akasema ushuru wa Uingereza umekula faida, na siku za vibarua zitapunguzwa. Wajumbe wetu walirudi wamenyamaza, maana hawakuwa na la kujibu. Baadaye tuliuliza huku na huku, tukaona kwamba swali lilikuwa moja tu: maua yetu yanapita njia gani?

Maua yakitoka Nairobi kwa ndege moja kwa moja mpaka Uingereza, yakiwa na hati ya kuonyesha kwamba yametoka Kenya, hayatozwi kitu. Lakini mengi yamezoea kupita Uholanzi, kwenye mnada wa Aalsmeer. Zamani hapakuwa na tofauti, maana Uholanzi na Uingereza zilikuwa soko moja. Baada ya Brexit, maua yaliyoingizwa Uholanzi, yakauzwa na kufungwa upya, yakivuka kwenda Uingereza yalipoteza msamaha wa Kenya, yakatozwa zile 8. Basi yule bwana huenda alisema kweli kwa maua ya mnada, lakini si kwa yale ya ndege ya moja kwa moja. Sisi hatukujua kutenga haya na yale, na kwa kutojua kwetu vibarua walikaa nyumbani.

Tarehe 11 Aprili 2024 Uingereza ilisimamisha ushuru huo wa maua, hata kwa yale yanayopita nchi nyingine. Lakini tangazo hilo lilikuwa la muda, na mwisho uliotajwa ulikuwa tarehe 30 Juni 2026. Je, wakati ule wa nafuu kuna aliyeitwa ofisini akaambiwa siku zake zimerudishwa? Hasara hutangazwa kwa kengele, faida huingia kwa mlango wa nyuma.

Wenye mashamba nao hawakukaa tu. Wengine walianza kuuza moja kwa moja kwa maduka makubwa ya Uingereza. Wengine hupeleka maua kwa meli kutoka Mombasa, safari ya wiki nyingi. Hayo yote yana kazi ndani yake. Duka likitaka mashada yafungwe huku huku, kazi ya kufunga yaongezeka. Waingereza husherehekea siku ya akina mama mwezi wa Machi, na haraka ya Februari yaendelea pale pale. Na kiwavi mmoja akionwa na wakaguzi wa KEPHIS, mzigo hausafiri. Na wa kwanza kumwona kiwavi huyo ni mama aliye kwenye grinihausi. Ujuzi huo ni wetu, na ujuzi una bei yake.

Kwa hiyo, ndugu, mjumbe akienda kwenye meza ya mapatano ya mishahara na aulize maneno manne. Bidhaa yetu inapita njia gani? Ushuru uliolipwa ni kiasi gani, na hati iko wapi? Ulipoondolewa, fedha ile ilikwenda wapi? Na kazi mpya iliyoongezeka, saa zake zimeandikwa na kulipwa?

Hatumwombei bwana hasara. Shamba likifungwa, sisi ndio tunaolala njaa kwanza. Twataka tu kwamba mzigo ukiwa wa kweli tuuone kwa macho, na nafuu ikija tuionje. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila tawi lianze daftari lake mwezi huu huu: tarehe, njia, ushuru na siku za kazi. Mkutano ujao tutayaweka madaftari hayo juu ya meza moja, tuyasome pamoja.